Mbona Hamkutungoja?

Filamu ilikuwa imefika dakika ya 11 hivi, holi ikalipuka.

Si kile kicheko cha adabu cha watu waliolipa tiketi. Ni kicheko cha mtaa, cha mtu kumgonga jirani yake bega, mama mmoja nyuma anasema "uuuwi" ameshika leso mdomoni, watoto waliokuwa wamekaa chini kwa mkeka wakageuka wote kuangalia wazazi wao maana kwao hapo sinema ilikuwa imehamia nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya swichi ya taa, mgongo umelowa jasho, na nikaisikia ile kitu mwigizaji huisikia kifuani, ile ya leo tumewapata.

Halafu nikakumbuka kuna laini inakuja.

Ikaja. Kwenye skrini, ambayo ilikuwa shuka mbili nyeupe zimeshonwa pamoja, mdomo wa mzee ukafunguka, ukafungika. Hakuna aliyesikia neno. Kicheko kilipotulia filamu ilikuwa imeshasonga, kijana ameinama anaandika kwa kitabu huku machozi yanamtoka, na holi imenyamaza ile ya watu kuulizana kwa macho, huyu naye analilia nini?

Walipiga makofi ilipoisha. Mtaa wetu una heshima zake. Lakini nikiwa nakunja shuka, mzee anayeshika funguo za hiyo holi akanijia. Huyu mzee ametufungulia mlango wa mazoezi tangu nikiwa nimetoka tu kidato cha nne, ameona michezo yetu yote, mizuri na ile ya aibu, akiwa kwa kiti chake cha plastiki pale karibu na mlango, na kwa hiyo miaka yote sijawahi kumsikia akitoa maoni.

"Kijana, ni nzuri," akasema. "Lakini pale kwa kitabu, yule baba alisema nini?"

Nikamwambia.

Akatingisha kichwa polepole. "Kumbe stori iko hapo."

"Iko hapo, mzee."

"Sasa mbona hamkutungoja?"

Nilicheka, nikamweleza kwamba filamu haiwezi kungoja mtu, ikishaenda imeenda. Akaniangalia venye unaangalia mtoto anakudanganya na unajua anakudanganya. Akaenda kuzima taa ya choo.

Hiyo ni wiki tano zimepita, na hilo swali halijawahi kuniacha nilale vizuri.

## Maziwa jikoni

Mtu hajapita kwa steji hawezi kujua kungoja ni kazi. (Ndio, steji. Nairobi steji ni ya matatu pia, na mimi nimeshinda kwa zote mbili nikingoja zijae.)

Kazi iliyonilea ni setibuku, kuwaigizia wanafunzi vile vitabu vya fasihi vya mtihani. Kama umesoma sekondari Kenya sina haja ya kukueleza, mliletewa, mkajazwa dainingi holi, mkapiga kelele. Lakini nyinyi mliona upande wa benchi tu. Upande wetu ulikuwa hivi: tunatoka tao saa kumi na moja asubuhi, watu tisa na nguo za mchezo kwa gunia, shule mbili kwa siku, msimu ukichacha tatu, Murang'a asubuhi, Thika saa saba, jioni tuko mahali barabara ya Garissa tunavaa nguo za mfalme nyuma ya tangi la maji. Mimi nilikuwa mfalme, askari wake, na mwanamke mmoja wa sokoni. Lesso ikishuka kutoka kichwani hadi kiunoni wewe ni mtu mwingine, na hakuna anayeuliza.

Wanafunzi mia nane, hakuna maikrofoni, juu ni mabati. Mvua ikianza kunyesha hapo ndio unajua kama sauti yako inatoka tumboni au kooni. Na hao watoto wana kitabu mapajani, wanafuatilia kwa kidole. Ukiruka laini wanakurudisha. Sitanii, kuna siku Machakos niliruka nusu ukurasa na wasichana wa mstari wa mbele wakaanza kunisomea kwa pamoja, polepole, venye unasomea mgonjwa, mpaka nikarudi njiani.

Aliyetufundisha kungoja ni dairekta wetu wa kwanza, ambaye mchana alikuwa fundi wa stima. Alikuwa anasema kicheko ni maziwa jikoni. Yakiwa yanapanda usiongeze kitu. Yakianza tu kushuka, weka majani. Ukiongea kicheko kikipanda umemwaga, ukingoja kipoe kabisa hiyo si chai tena.

Na katikati unafanya nini? Huwezi kusimama kama nguzo. Unafunga kifungo. Unakunja mkono wa shati. Unamwangalia mwenzako kama ambaye bado hujaamini alichosema. Sekunde nne, wakati mwingine nane, na hizo sekunde hazijaandikwa popote kwa kitabu, zinaandikwa na wale mia nane kila siku upya. Mchezo wa dakika 70 asubuhi unaweza kuwa wa dakika 85 jioni na hakuna neno limeongezwa.

Miaka saba nilifanya hiyo kazi. Soo tano kwa shoo, na lanchi kama mwalimu mkuu ana roho. Sikuwahi kufungua akaunti ya maana lakini nilijua kungoja watu mia nane kwa mkupuo.

## "Punguza"

Msimu ukiisha tulikuwa tunashinda pale nje ya National Theatre, ile iliyofunguliwa 1952, inayotazamana na hoteli ya Norfolk, tukipiga stori na kungoja mtu aje anatafuta sura. 2012 ilipotoka Nairobi Half Life, hadithi ya kijana anatoka shambani kuja kutafuta uigizaji mjini anaangukia kwa majambazi, sisi tuliiangalia venye mtu anaskiza barua yake ikisomwa na jirani. Ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza Kenya kupeleka kugombea Oscar. Hatukushika, lakini pale nje hiyo wiki kila mtu alitembea kama ameshika. Watu walianza kusema kwa sauti kitu ambacho hapo awali ulikuwa unakisema ukiwa umelewa: hata mimi nataka filamu.

Kamera yangu ya kwanza ya maana ilikuwa tangazo la mafuta ya kupikia. Laini moja. "Mama, leo umepika nini?"

Dairekta akasema, "Punguza."

Nikapunguza.

"Punguza tena."

Nilirudia mara kumi na nne. Mwishowe akatoka nyuma ya monita, akaja mpaka karibu, akaniuliza unaongea na nani? Nikasema na mama. Akanionyesha yule mwigizaji wa mama kwa kidole. "Mama yuko hapa, futi mbili. Wewe unaongea na mtu wa Thika."

Wakanirudishia niangalie. Ngai. Nyusi zangu zilikuwa zinafanya mkutano wa hadhara. Kila kitu nilikuwa nimelipwa nifanye miaka yote, kutuma uso mpaka kwa mtoto wa benchi la mwisho, hapo kilionekana ni ugonjwa.

Niliondoka na elfu saba na aibu. Na wasiwasi mmoja ambao sikumwambia mtu: kama uigizaji wa kamera ni kutofanya kitu, basi nini kile nilichokuwa nakiita kipaji?

Kitu kingine kilinisumbua hiyo siku, kidogo tu, nikakiacha kipite. Kwenye teki ya saba hivi nilitia utani kidogo na mvulana wa taa akataka kucheka. Mtu wa saundi akainua kidole. Mvulana akakifinya kile kicheko mpaka akatoa chozi. Nikawaza, kwa hiyo hapa nachekesha watu walioajiriwa wasicheke, na wale watakaocheka nitakuwa sipo.

## Kafyu

Machi 2020 shule zikafungwa na setibuku ikafa kwa siku moja. Watahiniwa walirudi Oktoba, wengine wote Januari 2021, lakini kufikia hapo kundi letu lilikuwa limetawanyika, mmoja anaendesha boda, mwingine alienda ushago akaoa akanyamaza, malkia wetu alikuwa anauza barakoa Gikomba na alikuwa anauza sana kutushinda sisi wote.

Mimi nilibaki kwa bedsita Umoja na simu. Kafyu saa moja jioni mpaka saa kumi na moja asubuhi. Dirisha langu liliangalia geti la ploti ya ng'ambo na pale geti kulikuwa na soja, yaani mlinzi, mzee, koti la jeshi lenye limepauka, redio ndogo. Nikaanza kumshuti. Si kwa nia mbaya, nilimwambia baadaye na akataka kuona, akauliza mbona hukunionyesha nikikimbiza mwizi.

Usiku wa kwanza nilirekodi dakika 40. Hafanyi kitu. Anakaa. Anasimama anaangalia barabara ambayo hakuna mtu anaruhusiwa kupita. Anakaa. Anatoa kitabu cha wageni, anafungua, hakuna mgeni, anakifunga tena vizuri anakiweka kwa goti.

Nilikiangalia hicho kipande labda mara thelathini.

Hapo ndipo "punguza" iliniingia, na haikuniingia kwa mwalimu. Mzee hakuwa amepunguza kitu, alikuwa amejaa, ni vile tu hakuwa anakitupa. Nilikuwa nimeelewa vibaya miaka miwili nzima nikidhani kamera inataka uwe mtupu.

Editi nilijifunzia laptopu ya binamu yangu, DaVinci Resolve ile ya bure, mashine inapata moto mpaka naiinua kwa vikombe viwili vya chai ipate hewa chini. Klipu ya dakika moja inachukua saa nzima kutoka. Naenda kupika, narudi, imekwama asilimia 63. Nadhani hakuna kitu kimewahi kunifunza subira ya aina nyingine kama hiyo, subira ambayo hakuna mtu unamngoja.

## Kitabu cha wageni

Wacha nisimulie filamu maana hamjaiona na pengine hamtaiona.

Ni dakika 17. Mzee ni soja wa usiku kwa apatimenti moja ya wenye nazo. Ana kijana ambaye hajakanyaga nyumbani miaka minne. Usiku mmoja kijana anakuja pale getini, amevaa vizuri, anaenda kumwona demu wake orofa ya tano, na hakujua babake siku hizi ndiye anafungua hilo geti. Wanaangaliana. Mzee, bila kubadilisha uso, anamsukumia kitabu na kalamu ile imefungwa kwa uzi. "Andika jina, namba ya kitambulisho, na saa ya kuingia."

Hapo ndipo watu walikufa kicheko. Kwa sababu ni ukweli, hii Nairobi utaandikishwa hata ukienda kwa shangazi yako, na wote tunajua venye tunajaza, namba ya kitambulisho ya uongo, jina la mbunge. Na kitabu tulichotumia ni cha ukweli, bado kina ile safu ya joto la mwili iliyobaki ya enzi ya korona, kila mtu anaandika 36 bila kupimwa. Kamera ilikuwa imekaribia hiyo safu. Uuuwi.

Kijana anasema, "Baba, si unanijua?"

Na mzee anasema, chini kabisa: "Nilikuwa nakujua."

Kisha kijana anaandika. Jina lote, la baba likiwa mwisho. Hiyo ndiyo filamu. Bila hilo neno la mzee, kijana anayelia kwa kitabu ni mtu mwenye shida zake tu.

Ilikula elfu tisini na nne. Nusu niliikopa kwa chama, nusu ni ya kuwa emsii kwa harusi za watu, na kama unadhani pesa ilienda kwa kamera hujawahi kulisha watu kumi na moja usiku mbili mfululizo. Ni chapo. Ni madondo, chai, mandazi, na boda za kuwarudisha watu alfajiri. Kibali tulichukua, maana sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, sura 222, ya 1962, iko hapo kabla hata ya uhuru na bado inatuweka kwa karatasi moja sisi wa steji na wa kamera (mahali pekee tunakaa pamoja, nadhani). Bado usiku wa pili watu wawili wa koti refu walikuja kuuliza kama tumelipia taa. Taa gani? Hiyo. Tulikuwa na taa moja. Wakala chapo wakaenda.

Mzee wa filamu ni yule dairekta wangu, fundi wa stima. Ana miaka sitini na nne sasa. Niliogopa kumpa, maana sauti yake inaweza kuita mtu kutoka soko la Burma mpaka Jogoo Road. Teki ya kwanza alisema "Nilikuwa nakujua" na mbwa wa jirani akajibu. Sikumwambia punguza. Nilishindwa, unamwambiaje mtu aliyekufundisha kupaza? Nikamwambia tu, mwalimu, mimi niko hapa. Nikamshika mkono kwa hiyo grili ya geti. Teki ya nne akaisema na mtu wa saundi akafunga macho.

Baadaye mtu wa saundi akaomba wote tunyamaze nusu dakika arekodi kimya cha mahali. Watu kumi na moja, saa tisa usiku, tumesimama kama tunaombea marehemu. Boda ikapita. Tukaanza upya.

## Fremu 50

Baada ya swali la mzee wa funguo nilikaa siku nne, nikaenda kwa edita.

Edita wangu ni msichana mdogo kuniliko kwa miaka tisa na hajawahi kukanyaga steji. Nikamwambia tuongeze sekunde mbili kati ya kitabu na "si unanijua". Kwetu tunashuti fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo nilikuwa naomba fremu 50 tu. Akanieleza, kwa upole mwingi, kwamba hizo fremu hazipo. Kwenye seti mimi mwenyewe kama kijana nilijibu haraka, hakuna kimya cha kukopa. Tukaiba kutoka kwa picha ya kalamu ikining'inia kwa uzi, tukaivuta mpaka sekunde tatu.

"Lakini ujue," akasema, "watu wataweka maana hapo, utake usitake." Akanikumbusha yule Mrusi Lev Kuleshov, aliyechukua uso mmoja wa mwigizaji asiyefanya kitu, akaukatia na bakuli la supu, na jeneza, na mwanamke, na watu wakasifu uigizaji. Kalamu inayoning'inia sekunde tatu si kungoja tena. Ni kalamu imekuwa kitu.

Nilibisha. Nilikuwa nimesoma mahali kuhusu ndugu wa Marx, wale wachekeshaji wa Marekani waliotoka kwa majukwaa kama sisi. 1935 kabla ya kushuti A Night at the Opera walizunguka na vipande vyake kwenye majukwaa, kwa watu halisi, kicheko kinapimwa kwa saa, ndio kwenye filamu wajue waache nafasi kiasi gani. Unaona? Inawezekana. Kuna mtu aliwangoja watu ambao hawajaingia bado.

"Walikuwa na studio ya kulipia hiyo safari," edita akasema. Hapo alinishika.

Tukapeleka hiyo ya kalamu kwa onyesho dogo Kilimani, chumba kizuri, viti vina mito, watu kama ishirini hivi na wengi wana miwani. Pale kwa kitabu walitabasamu. Nawaambia walitabasamu, niliona kwa mwangaza wa skrini. Hakuna aliyetoa sauti. Na kalamu ikaning'inia.

Sekunde tatu kwenye chumba kimya ni ndefu kuliko ibada.

Mtu akakohoa. Ilionekana kabisa kama mwigizaji amesahau laini. Nilitamani sakafu inifiche, maana hicho ndicho kitu cha kwanza dairekta wangu alitufundisha kuogopa. Na baada ya shoo kijana mmoja akaniambia alipenda sana "mfano wa kalamu", kwamba baba na mwana wamefungwa kwa uzi mmoja. Nikasema asante.

Edita kwa ngazi tukishuka: "Filamu ni moja. Ukianza kukatia kila mtaa yake utakuwa fundi cherehani."

Sikumjibu. Lakini kwa matatu ya kurudi, imesimama hapo Odeon inajaza (palikuwa sinema, siku hizi ni jina la mahali pa kupandia gari), nilianza kuwaza kuhusu DJ Afro. Hao wenye viti vya mito watanisamehe. Sisi tulikulia vibanda vya video, benchi za mbao, shilingi kumi, na sauti ya DJ Afro juu ya picha anakwambia staringi anaingia, usibabaike, huyu hafi. Hakuwahi kuniacha nyuma. Ukikosa kitu anakirudia, na Mchina akimaliza kuongea anakwambia amesema nini na ameongeza nini. Mtaa wangu haukujifunza sinema kwa kukaa kimya gizani, ulijifunza kwa mtu anayesimama katikati ya picha na watu. Na mimi niliwaletea shuka na spika mbili nikasimama kando ya swichi.

Miaka saba nimekuwa nikitembea na hicho kitu mwilini, na siku niliyopata filamu yangu mwenyewe nikakiacha kwa gunia na nguo za mfalme. Sijui ni kwa sababu niliambiwa punguza nikapunguza mpaka na watu. Sijui ni tamaa ya tamasha za mbali ambazo, niseme tu, nimetuma kumi na mbili na zilizojibu ni mbili na zote zilianza na "tunasikitika".

## Jumamosi

Jumamosi iliyopita tukairudisha holini. Sikumwambia edita ninachotaka kufanya na yeye alikuja na mamake, kwa hiyo mnaweza kufikiria.

Nilibeba ile ya kwanza, isiyo na kalamu ndefu. Sikusimama kando ya swichi. Nilikaa kwa kiti cha plastiki kando ya laptopu, karibu na mzee wa funguo, kidole kimoja juu ya ile kitufe ndefu ya chini. Kutoka dakika ya tisa mkono ulikuwa unatetemeka, sijatetemeka hivyo tangu Machakos.

Kitabu kikasukumwa. "Andika jina, namba ya kitambulisho, na saa ya kuingia."

Wakacheka, na walikuwa wameleta na wenzao.

Nikabonyeza.

Mzee akaganda kwenye shuka, kalamu mkononi, mdomo umefungwa. Chini ya kidevu chake ukatokea ule mstari wa kuchezea video na namba zake, kitu kibaya sana kuona, na nyuma yangu nikasikia edita akivuta pumzi kwa meno. Mtoto mmoja wa mkekani anayejua kusoma akatangaza, "Bado dakika sita!" Mwingine akasema imekwama, imekwama hiyo. Nikabonyeza mapema, maziwa bado yanapanda, nikashtuka nikabonyeza tena, mdomo wa kijana umefika "Ba". Wakacheka hicho nacho.

Mzee wa funguo akaniwekea mkono kwa bega. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia watu. Kicheko kikaanza kuteremka, mama wa nyuma akajipangusa macho, mtu akasema shh.

"Haya," akasema mzee.

"...ba, si unanijua?"

"Nilikuwa nakujua."

Sitawaeleza holi ilikuwaje. Naweza kusema tu mvua kidogo ilikuwa imeanza na nilisikia kila tone kwa mabati.

Edita hajaniongelesha mpaka leo asubuhi, alinitumia ujumbe wa maneno mawili, "ile taimingi", bila alama ya kuuliza wala nukta, na bado naugeuza geuza. Mzee wa funguo alinisaidia kukunja shuka. Aliniuliza kama yule baba na kijana walipatana baadaye, nikasema sijui, akasema sawa. Kisha akanikumbusha kwamba token za stima za ile siku ya kwanza sijawahi kulipa.